Atelaji Gani kwa Remorki Yetu?

Maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Mkutano uliopita mlitupa kazi moja. Mlisema: shirika iko na pikapu, iko na remorki, lakini kile kifungo cha kuziunganisha hakipo. Tafuteni, kiisha mje mtuambie tununue gani. Wamakanika wa huku wanakiita kile kifungo atelaji. Remorki ni ile kitu tulizoea kuita tela wakati tulikuwa Tanzania. Leo tutatumia majina ya huku, kusudi tukienda garaji tusikilizane.

Wengine watauliza: kitu kidogo vile kinahitaji mkutano? Kinahitaji. Tangu mwaka 2005, meli za kurudisha wakimbizi zilipoanza kutoka Kigoma kufika Baraka, wengi wetu tulishuka pwani na mizigo midogo tu. Pikapu hii na remorki hii ni mali ya michango yetu, ile kule kambini tuliita upatu na huku tunaita likelemba. Hatuna ya pili. Tena kuna jambo kubwa kuliko mali. Barabara yetu ni ya watu wa miguu. Asubuhi watoto wanaenda masomo, mama wanatoka shamba na kuni kichwani, wengine wana beseni za ndakala. Remorki ikichomoka nyuma ya pikapu kwenye mteremko, haina shoferi, haina honi. Inaenda pale inataka. Hiyo njo sababu tumechukua kazi hii kwa uzito.

Tuanze na mzigo, kiisha chuma

Makosa mingi yanaanzia pale mutu anaenda dukani kununua chuma mbele ya kujua uzito atakaovuta. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mwenye mzigo atakuambia ni mwepesi. Basi tusimuulize mwenye mzigo, tuulize hesabu.

Gunia la maharagwe au la mihogo mikavu, lile kubwa, ni kilo 100. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Bido ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na kidogo ya bido yenyewe. Pipa la lita 200 la mazuti, pamoja na chuma cha pipa, linakaribia kilo 190. Matofali: pima moja, zidisha kwa hesabu yake.

Mchanga njo mdanganyifu mkubwa. Chukueni remorki yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na mbao za sentimita 40 kwenda juu. Ikijaa mihogo mikavu inaonekana imejaa. Ikijaa mchanga wenye maji inaonekana imejaa vilevile, lakini mle ndani mna zaidi ya tani moja na nusu. Jicho linaona sawa, chuma kinaona tofauti kabisa.

Kwa hiyo uzito wa remorki ni mbili: uzito ikiwa tupu, na uzito wa mzigo. Kila mahali leo tukisema uzito wa remorki, tunasema zote mbili pamoja. Kwa mfano, remorki tupu ya kilo 350 ikibeba gunia 4 za kilo 100, ni kilo 750.

Namba ndogo njo inatawala

Kati ya pikapu na mzigo kuna vitu sita, na kila kimoja kina namba yake ya mwisho.

1. Pikapu yenyewe: kiasi gani mtengenezaji amekubali ivute.
2. Atelaji iliyofungwa nyuma ya pikapu.
3. Kikombe au pete iliyo mbele ya remorki.
4. Timoni, shasi na ekseli ya remorki.
5. Matairi ya remorki.
6. Freni.

Mnyororo hukatika kwenye pete dhaifu, kila mutu anajua. Kwa hiyo mkiandika zile namba sita kwenye karatasi, ile ndogo kuliko zote njo ruhusa yenu. Ukinunua atelaji ya tani tatu na matairi yanakubali tani moja na kidogo, wewe una remorki ya tani moja na kidogo. Umelipa chuma cha bure.

Namba za tairi zimeandikwa ubavuni. Baada ya ukubwa wa tairi utaona namba ndogo, sawa vile 91 au 100, pamoja na herufi. Hiyo 91 maana yake tairi moja inakubali kilo 615; 100 maana yake kilo 800. Remorki ya matairi mawili ya 91 haiwezi kupita kilo 1,230, hata kama mbao zake ni ndefu namna gani. Na hiyo ni kwa tairi zima, lenye upepo wa kutosha, si lile lililoshonwa.

Namba ya pikapu iko katika kitabu chake. Kitabu kikipotea, tafuta kwa modeli, injini na mwaka. Usichukue namba ya jirani juu gari lake lina jina sawa na lako. Pikapu za jina moja zimebadilika sana kutoka mwaka hadi mwaka, na ile ya kuvuta kwa magurudumu mane haina ruhusa sawa na ile ya mawili. Tena soma vizuri: kile kiasi kikubwa wanachokitaja kwa sifa, tani mbili na nusu au tani tatu na nusu, ni kwa remorki yenye freni zake. Isiyo na freni ina namba yake, na ni ndogo sana.

Atelaji kubwa haiongezi freni

Hapa ndipo tulibishana hata ndani ya kamati. Kuna wenzetu walisema: «Tununue tu atelaji ya nguvu, tubebe gunia kumi na mbili. Bale wengine banabebaka na haiyavunjika hata siku moja.»

Tunaelewa. Safari moja ya gunia 12 inatumia mazuti kidogo kuliko safari tatu za gunia 4. Lakini sikieni. Atelaji kazi yake ni kushika. Kusimamisha si kazi yake. Remorki isiyo na freni inasimamishwa na freni za pikapu peke yake, na kwenye mteremko inasukuma pikapu mgongoni. Katika nchi nyingi za Ulaya sheria inasema remorki isiyo na freni isipite kilo 750, yaani remorki na mzigo wake pamoja, na kule barabara ni lami. Pikapu nyingi zinazotumika huku, kitabu chao kinasema vilevile: kilo 750 bila freni. Sisi tunashuka kutoka Fizi kuja Baraka kwenye udongo na mawe, na mvua ikinyesha ni utelezi. Hatuwezi kujipa ruhusa kubwa kuliko ya mutu wa lami.

Remorki yetu haina freni. Kwa hiyo namba yetu ndogo tumeshaipata mbele ya kununua kitu: kilo 750. Siku tutapata ekseli yenye freni, ile freni inayokamata yenyewe wakati remorki inasukuma timoni mbele, tutahesabu upya. Lakini tunashauri tununue atelaji ambayo itafaa hata siku ile, kusudi tusinunue mara mbili.

Aina za atelaji

Tumetembea garaji na maduka, tumeona aina nne.

Ya kwanza ni kichwa cha mviringo, mfano wa chungwa dogo la chuma. Wanaita bule. Remorki inakuja na kikombe kinachofunika ile bule, kiisha unafunga kwa mkono wake. Ni aina inayopatikana zaidi kwa magari madogo. Ni nyepesi, haipigi kelele, bei yake si kali. Lakini iko na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kipimo. Bule ya Ulaya ni milimita 50. Ya Marekani kuna ya inchi 2, yaani milimita 50.8, kuna ndogo yake ya milimita 47.6 na kubwa yake ya milimita 58.7. Remorki zetu zinatoka pembe zote za dunia, zingine ziliachwa na mashirika, zingine zilitengenezwa hapa hapa na kikombe cha kuokota. Kikombe kikubwa kuliko bule kitakaa, kitafunga, utasikia hata kile kishindo cha kufunga, na kwenye shimo la kwanza kubwa kitaruka. Kipimo kimeandikwa juu ya bule na juu ya kikombe. Kama hakisomeki, pima kwa kipimo cha fundi, usipime kwa macho. Jaribio lingine: ukiisha kufunga, inua timoni kwa jeki ya gari. Mgongo wa pikapu ukiinuka pamoja nayo, imeshika. Kikombe kikiachana na bule, usitoke.

Mtego wa pili ni barabara. Kwenye lami pikapu na remorki zinalala sawa. Kwenye barabara yetu, pikapu inaweza kuwa ndani ya shimo la kushoto wakati remorki imepanda ukingo wa kulia. Kikombe kina mwisho wa kupinduka. Kikifika mwisho kinakamata shingo ya bule na kuisukuma, sawa vile unafungua mfuniko wa chupa. Halafu matope na mchanga vinaingia ndani ya kikombe, vinakula chuma pole pole pale jicho halifiki.

Ya pili ni ndoano na pete. Nyuma ya pikapu kuna ndoano nene yenye taya ya juu inayofunga, na remorki ina pete nene ya chuma. Mmeiona kwenye malori ya jeshi. Pete inazunguka ndani ya ndoano, kwa hiyo pikapu ikilala huku na remorki kule, hakuna kinachobanwa. Matope hayaisumbui sana. Na jambo tulilopenda zaidi: mutu yeyote, hata asiye fundi, anasimama pembeni na kuona kama taya imefungwa na pini yake imeingia.

Ubaya wake upo pia. Ni nzito. Inagonga, juu kati ya pete na ndoano kuna nafasi, na kila mgongo wa pikapu ukiruka unasikia. Kule kugonga kunakula pete na ndoano, kwa hiyo inahitaji grisi na macho. Na hii pia ina vipimo: pete za kijeshi za kipimo cha NATO zina tundu la milimita 76, za malori mengi ya Ulaya zina tundu la milimita 40 na zinashikwa na pini, si na ndoano. Pete nyembamba ndani ya ndoano kubwa inagonga sana na kuchakaa upesi. Vinunuliwe pamoja, kama mke na mume, si kimoja hapa na kingine kule.

Ya tatu ni taya mbili na pini iliyosimama katikati, mtindo wa trakta. Ni rahisi, fundi wa hapa anaweza kuitengeneza. Kwa kazi ya shamba, mwendo wa pole, inafaa. Kwa safari ya Uvira haifai sana, juu haipendi kupinduka, na pini yake mara nyingi inapotea. Ikipotea, mutu anachukua ferabeto, ile nondo ya kujengea, anaikunja, anaendelea. Nondo ile haikutengenezwa kwa kukatwa kutoka pembeni. Tusiikubali hata siku moja.

Ya nne inafungwa ndani ya karoseri ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Kule Amerika ya Kaskazini wanavuta nayo remorki kubwa za ng'ombe na za nyumba. Ni nzuri sana kwa uzito mkubwa, lakini inakula nafasi ya karoseri, na karoseri yetu njo inabeba watu na mizigo. Tuiache.

Pale inafungwa

Atelaji nzuri ikifungwa vibaya ni mbaya. Tuliona pikapu nyingi zenye bule iliyofungwa juu ya parashoki, lile bampa la nyuma. Parashoki nyingi ni bati lililokunjwa. Zilitengenezwa kwa kukanyagwa na kugongwa kidogo, si kuvuta.

Atelaji ifungwe kwenye shasi, kwenye zile mbavu mbili ndefu, kushoto na kulia, kwa bolti. Bolti ziwe za kweli: kichwani mwao kumeandikwa 8.8 au 10.9. Bolti isiyo na namba, tuseme ni ya kitanda. Nati ziwe za kujifunga, au ziwekewe waya ya kuzuia. Tukaze, tuendeshe siku mbili tatu, kiisha tukaze tena.

Kuhusu kuchomelea: mafundi wetu wako hodari, na wengi walijifunza kazi kambini. Lakini shasi ya pikapu ikichomwa moto, chuma cha pembeni ya mshono kinabadilika na kinaweza kupasuka baadaye. Matundu yatobolewe ubavuni mwa shasi, si kwenye ukingo wa juu wala wa chini, juu ule ukingo njo unabeba uzito. Pale mtengenezaji aliacha matundu tayari, tutumie hayo.

Atelaji ya dukani iko na kibandiko cha chuma. Tafuteni herufi mbili. S ni kilo ambazo inakubali kubeba kutoka juu. D ni nguvu ya kuvuta, na hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaiweza: zidisha tani za pikapu iliyojaa kwa tani za remorki, gawanya kwa jumla ya zote mbili, zidisha kwa 9.81. Tuchukue pikapu ya tani 2.9 na remorki ya tani 1.5. Jibu ni karibu 9.7. Basi atelaji yenye D chini ya 9.7 haifai kwa ule mzigo, na kwa barabara yetu tunataka D ipite pale kwa mbali. Chuma kisicho na kibandiko, muuzaji akisema «hii inavuta hata lori», tumjibu aksanti na tuendelee na njia.

Timoni iwe na uzito kiasi

Atelaji haivuti tu, inabeba pia. Timoni ya remorki inalala juu yake. Ikilala kidogo mno, mkia wa remorki unaanza kucheza kushoto na kulia, na mchezo ule unaweza kupindua magari yote mawili. Pete nayo itarukaruka ndani ya ndoano. Ikilala mno, mgongo wa pikapu unashuka, mbele inakuwa nyepesi, usukani hausikii vizuri, na usiku taa zinamulika juu ya miti.

Kiasi kizuri kwetu ni karibu sehemu moja ya kumi. Remorki ya kilo 750, timoni iwe na kilo 75 hivi, na isipite ile S ya kibandiko. Kuipima ni rahisi. Weka remorki pahali palipo sawa, zuia magurudumu kwa mawe. Chukua mizani ya chini, ile ya kupimia gunia sokoni, weka juu yake kipande cha mti, timoni ilale pale kwa urefu ule ule wa atelaji. Soma. Kama ni kidogo, sogeza gunia moja mbele. Kama ni mingi, rudisha nyuma. Usiongeze jiwe.

Remorki ilale sawa, isiinue pua wala kuinamisha. Pikapu yetu ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo tutahitaji bamba lenye matundu ya kupandisha na kushusha. Lakini bamba likiwa refu mno linakuwa mkono wa kuvunjia, basi liwe fupi kadiri inavyowezekana.

Na tusisahau: zile kilo 75 za timoni ni mzigo wa pikapu pia. Watu kumi ndani ya karoseri ni kilo 600 au 700. Ukiongeza timoni na mizigo yao, springi za nyuma zinalia. Siku ya remorki, watu wapunguzwe.

Minyororo, pini na taa

Hata atelaji nzuri inaweza kushindwa. Kwa hiyo tunataka minyororo miwili, kila mmoja wa nguvu ya kushika remorki nzima peke yake. Inafungwa kwenye chuma cha atelaji au shasi, si kwenye ndoano yenyewe wala parashoki. Inapita chini ya timoni na kupishana kama msalaba. Timoni ikianguka, inaangukia juu ya minyororo, haichimbi barabara. Urefu uruhusu kukata kona, lakini isiburute chini.

Pini ya taya ifungwe kwa kamba ya waya kwenye pikapu, kusudi isipotee. Taa za nyuma na za kukatia kona ziunganishwe, juu remorki inazifunika za pikapu. Waya ufungwe kwenye timoni, usining'inie.

Remorki ikianza kucheza mkia njiani, shoferi aachie mafuta pole pole, ashike usukani sawa, asikanyage freni kwa nguvu. Akiisha kusimama, apange mzigo upya. Na kila mteremko, gia ndogo iingizwe juu, mbele ya kuanza kushuka, si katikati.

Tunachopendekeza

Kamati inaweka mbele yenu mambo matano. Mtayapigia kura.

Moja. Tununue ndoano na pete, vinunuliwe pamoja, vyenye kibandiko, vifungwe kwenye mbavu mbili za shasi kwa bolti. Bule ni ya bei ndogo zaidi, tunakubali. Lakini kwa barabara hii na kwa remorki inayotumiwa na mashoferi zaidi ya mmoja, tunataka kitu ambacho kila mutu anaona kwa macho kama kimefunga. Mweka hazina ana bei za maduka mawili kwa maandishi, atazisoma.

Mbili. Mpaka tupate freni, remorki na mzigo wake visipite kilo 750. Karani wa mzigo apime, aandike. Mwenye mzigo asikasirike, hata akiwa mzee wa kamati.

Tatu. Mutu asipande juu ya remorki. Si mtoto, si mgonjwa, si mwenye gunia lake. Mgonjwa akae mbele katika pikapu, na remorki ibaki nyumbani siku hiyo.

Ine. Kila safari, sehemu ya nauli iende kwa sanduku la ekseli yenye freni. Hii njo dawa ya wale wanaolilia gunia 12. Tuko pamoja nao, lakini tupitie njia inayofaa.

Tano. Mbele ya kutoka, shoferi na mwanamemba mmoja wazunguke pamoja: taya, pini, minyororo, bolti, matairi, taa. Wote wawili watie sahihi kwenye daftari. Macho mawili yanachoka, macho mane yanasaidiana. Na baada ya kilometa chache za kwanza, wasimame wazunguke tena, juu mzigo unakaa sawa ukiisha kutikiswa.

Tunajua gunia 4 ni kidogo. Tunajua msimu wa mavuno kila mutu anataka kufika sokoni wa kwanza. Lakini wale watu wa miguu tunaowapita njiani ni sisi wenyewe: ni watoto wetu, ni mama zetu, ni majirani waliotupokea tulipofika mikono mitupu. Wakisikia pikapu ya shirika inakuja, wasogee pembeni juu ya vumbi tu.

Sasa maswali. Tunaomba mafundi waliopo wasimame wa kwanza, watukosoe kama kuna pahali tumesema vibaya, kiisha tupige kura.